Kubuni kichwa cha kuandikia cha diski ngumu: kila kitu kipimwe kwenye ukingo wa nyuma

Anayeanza kubuni kichwa cha kuandikia huwa na swali moja: nitapataje uga wa sumaku wenye nguvu zaidi? Swali lenyewe si baya, ila ukiliacha likutawale utaishia na kichwa chenye mabavu kinachoandika ovyo. Diski inapozunguka, kila punje ya sumaku huingia chini ya ncha kuu, yaani kipande cha chuma cha kichwa kinachotoa uga, kwa ukingo wa mbele, hupinduliwa huku na huko kadiri mkondo wa umeme unavyogeuka, kisha hutokea kwenye ukingo wa nyuma. Yote yaliyoipata hapo katikati yamefutika. Kinachosalia ni amri ya mwisho tu, ile iliyopewa ilipokuwa inaagana na ukingo wa nyuma. Ncha yaweza kuwa na unene wa biti nane, lakini inayoandika ni nanomita chache za mwisho.

Ndiyo sababu katika mwongozo huu kila uamuzi, uwe wa madini, umbo, ngao au koili, utapimwa hapo: uga kwenye ukingo wa nyuma ni mkubwa kiasi gani, umeinama kwa pembe gani, na unaporomoka kwa ukali gani ukisogea nanomita moja nje (ukali huo nitauita mteremko). Ninazungumzia uandishi wa wima, ambao sumaku ya kila biti inasimama wima kwenye diski, ambao Shunichi Iwasaki alianza kuupigania katika miaka ya 1970 na ambao uliingia sokoni mwaka 2005. Ule wa zamani wa kulaza sumaku ulikuwa na vichwa vya umbo la pete. Hesabu zake ni nyingine.

Hatua ya 1: Anza na diski, si na kichwa

Chukua lengo la terabiti 1 kwa inchi ya mraba. Inchi moja ya mraba ina nanomita za mraba trilioni 645, hivyo kila biti inapata nanomita za mraba 645. Ukiigawa kwa biti milioni 2 kwa inchi kando ya njia, na njia 500,000 kwa inchi kuelekea katikati ya diski, biti moja ina urefu wa nanomita 12.7 na upana wa nanomita 50.8. Andika namba hizi mbili juu ya karatasi yako, maana zitakusumbua hadi mwisho.

Sasa punje. Tuseme kila punje ina kipenyo cha nanomita 8 na kimo cha nanomita 15, na nishati ya anisotropia, yaani ile inayoifanya ing'ang'anie mwelekeo wake, ya jouli 400,000 kwa mita ya ujazo. Ujazo wake ni kama nanomita za ujazo 754. Zidisha, kisha gawanya kwa nishati ya joto kwenye kelvini 300: unapata takriban 73. Kanuni inayotumika ni kwamba uwiano huo ukishuka chini ya 60 hivi, data haiaminiki tena kwa miaka kumi. Punje zinaanza kujigeuza zenyewe kwa joto la chumba. Diski ikipata joto la kelvini 330, 73 yako imeshakuwa 66. Upo salama, lakini si kwa mbali.

Punje hiyo inahitaji uga kiasi gani ili igeuke? Kama usumaku wake ni ampea 600,000 kwa mita, uga wa anisotropia unatoka tesla 1.33. Hiyo ndiyo bei ya kuisukuma ukiwa umenyooka nayo wima kabisa. Usiikubali bei hiyo. Kwa modeli ya Stoner na Wohlfarth, inayoeleza jinsi punje moja inavyogeuka, uga ulioinama nyuzi 15 unahitaji asilimia 61 tu ya namba ile, ulioinama nyuzi 30 unahitaji asilimia 52, na kwa nyuzi 45 inatosha nusu. Anayejaribu kufungua mlango uliokwama hausukumi kwenye bawaba, anausukuma pembeni. Kwa hiyo kwa nyuzi 30 tunahitaji kama tesla 0.70, si 1.33.

Angalizo moja ambalo huwaangusha wengi: karatasi ya vipimo vya diski inaweza kukupa koesiviti, yaani uga wa kuigeuza diski, iliyopimwa polepole, kwa sekunde au dakika. Katika muda huo joto lenyewe linasaidia kugeuza punje. Kichwa chako kina sehemu ndogo ya nanosekunde, hakina msaidizi huyo, kwa hiyo uga halisi unaohitajika uko juu ya ule uliopimwa. Omba uga wa anisotropia na uwiano wa uthabiti (ile 73 yetu), kisha fanya mwenyewe hesabu ya Sharrock, inayohusisha uga unaohitajika na muda wa kuandika.

Hatua ya 2: Hesabu umbali kabla ya kuchora umbo lolote

Chora mstari wa wima na uorodheshe kila kitu kilicho kati ya chuma cha ncha na katikati ya tabaka la kuandikia. Ngozi ya kaboni ngumu juu ya kichwa: 1.5. Hewa: 1.5. Mafuta ya diski: 1. Ngozi ya kaboni ya diski: 1.5. Nusu ya tabaka la kuandikia: 7.5. Jumla ni nanomita 13. Endelea kushuka hadi tabaka laini la sumaku lililo chini, kupitia tabaka la rutheni linalopanga punje, na utafika kama nanomita 40.

Tabaka hilo laini ndilo siri ya uandishi wa wima. Linafanya kazi kama kioo: ncha inaona taswira yake mwenyewe upande wa pili, na fluksi, yaani mtiririko wa sumaku, inavutwa kupita moja kwa moja kwenye tabaka la kuandikia. Punje haziko tena pembeni mwa mwanya kama zilivyokuwa zamani. Ziko ndani ya mwanya.

Kadirio la mkono linatosha hapa, na nakusihi ulifanye kabla ya kufungua programu yoyote. Chukulia uso wa ncha ni mstatili wenye pande a na b, umeshiba sumaku, yaani hauwezi kusumakishwa zaidi, na z ni umbali kutoka uso huo. Uga wa wima chini ya katikati yake ni sehemu ya usumaku wa chuma inayolingana na pembe ya anga (ukubwa wa uso huo ukitazamwa kutoka hapo chini) ambayo uso huo unaifunika, ukigawanya kwa 4π. Pembe ya anga ni:

Ω = 4 × arctan[ab / (2z√(4z² + a² + b²))]

Weka a = 50, b = 100, z = 13. Ω inatoka 4.13. Kwa chuma cha tesla 2.4 unapata tesla 0.79. Ongeza taswira, ambayo iko nanomita 67 kutoka katikati ya tabaka la kuandikia: tesla 0.16. Jumla ni kama 0.95.

Sasa sogeza kichwa juu nanomita 5 tu, bila kugusa kitu kingine. Jumla inashuka hadi 0.81. Umepoteza asilimia 15 ya uga kwa nanomita tano, na hapo hatujataja mteremko, ambao unaumia zaidi kuliko uga. Ndiyo maana vichwa vya sasa vina hita ndogo ndani yake: ikipashwa moto, sehemu ya kichwa inatuna na kusogea karibu na diski wakati wa kusoma au kuandika, kisha inarudi. Mtu wa aerodinamiki akikuambia ameokoa nanomita moja, mshukuru. Wewe ungehangaika miezi kuipata nanomita hiyo kwa kuchonga chuma.

Kadirio hili linaacha nje mchango wa mabega ya ncha, na chini ya ukingo wenyewe uga ni mdogo kuliko katikati. Lakini linakuonyesha uko mtaa gani.

Hatua ya 3: Chagua chuma, na ukubali dari

Pamaloi ya asilimia 80 nikeli na 20 chuma inashiba kwenye tesla 1 hivi. Ukigeuza uwiano ukaweka nikeli 45 na chuma 55, unafika 1.6. Aloi ya kobalti, nikeli na chuma inakaribia 2.1. Aloi ya chuma na kobalti, yenye kobalti kama asilimia 35, inafika 2.4, na hapo ndipo dari ilipo. Haijulikani aloi nyingine ya kawaida inayoipita kwa maana yoyote ya kiwandani.

Ncha kuu ipewe tesla 2.4 bila mjadala. Nira, yaani njia ya chuma inayoilisha fluksi kutoka kwenye koili, inaweza kuwa ya aloi laini zaidi, kwa sababu ni pana na haishibi mapema, na unachotaka kwake ni upenyezaji mkubwa (wepesi wa kupitisha fluksi) na utii wa haraka. Aloi ya chuma na kobalti ni kaidi kidogo na inapata kutu kirahisi.

Rudi kwenye punje zetu ujionee uzito wa dari hiyo. Punguza kipenyo kutoka nanomita 8 hadi 6. Ujazo unashuka hadi 424. Ili uwiano ubaki 73 lazima nishati ya anisotropia ipande hadi jouli 710,000 hivi, na uga wa anisotropia unaruka hadi tesla 2.37. Umegusa dari kwa kupunguza nanomita mbili tu. Huu ndio mkwamo wa pembe tatu wanaousema watu wa fani: punje ndogo kwa ajili ya ishara safi, anisotropia kubwa kwa ajili ya uthabiti, na uga wa kutosha kwa ajili ya kuandika, ukivuta pembe moja, nyingine zinakuponyoka. Uandishi unaosaidiwa na joto ulizaliwa hapo. Leza inaipasha punje ya chuma na platini hadi karibu na joto linaloondoa usumaku wake, inalegea, inaandikwa, inapoa. Katika vichwa hivyo mteremko unaotafutwa ni wa joto zaidi kuliko wa uga, na ncha ya sumaku inakuwa mshirika tu. Huo ni mwongozo wa siku nyingine.

Hatua ya 4: Chonga ncha

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo.

Mkono unaobeba kichwa umefungwa kwenye mhimili pembeni mwa diski, kwa hiyo kichwa hakikai sambamba na njia isipokuwa sehemu moja tu. Kwenye kingo za ndani na nje kinakuwa mshazari, na nyuzi 15 si jambo la ajabu. Kwa ncha ya mstatili yenye unene wa nanomita 100, mshazari wa nyuzi 15 unautupa ukingo wa mbele nanomita 26 pembeni. Njia yako yote ina upana wa nanomita 50. Yaani mkia wa ncha unalala nusu ya njia ya jirani na kuifuta kila unapoandika.

Dawa iliyozoeleka ni kuchonga ncha iwe trapeza: pana nyuma, nyembamba mbele, ili ukingo wa mbele usitoke nje ya kivuli cha ukingo wa nyuma. Hesabu hiyo kwa namba zetu: upana wa 50, unene wa 100, ubavu uliolala nyuzi 15. Upana wa mbele unatoka 50 − 2 × 100 × 0.268, ambayo ni pungufu ya sifuri. Trapeza yako imegeuka pembetatu kabla ya kufika mwisho, kwenye nanomita 93, na eneo lake limebaki nanomita za mraba 2,330 badala ya 5,000. Zaidi ya nusu ya chuma imeondoka, na uga umeondoka nacho.

Hakuna jibu moja. Unaweza kupunguza unene wa ncha. Unaweza kuomba mkono urefushwe au eneo la kuandikia kwenye diski lipunguzwe ili mshazari ushuke. Unaweza kubana uga wa pembeni kwa ngao, halafu ukavumilia ubavu wa nyuzi 10 au 12. Au ukahamia uandishi wa kupanga kama vigae, ambao njia mpya inaandikwa ikilalia sehemu ya njia ya kabla yake. Hapo ni kona moja tu ya ncha inayoacha alama ya kudumu, kwa hiyo ncha inaruhusiwa kuwa pana na yenye nguvu, na kona ile moja inanolewa. Gharama yake wanailipa waandishi wa programu, kwa sababu huwezi tena kubadilisha njia moja katikati bila kugusa jirani zake.

Kumbuka pia kwamba alama inayoachwa kwenye diski huwa pana kuliko chuma chenyewe, kwa sababu uga unafura pembeni. Kwa njia ya 50.8 ncha yako ya mwisho itakuwa nyembamba kuliko 50; namba ya mviringo niliyoitumia ni ya kukadiria.

Kinachofuata ni koo na mabega. Koo ni kile kipande chembamba kinachoanzia uso wa kichwa kwenda ndani kabla ncha haijapanuka kama faneli. Koo fupi linalisha uga mwingi, maana bega pana liko karibu na uso. Koo refu linabana fluksi na kuacha ncha na njaa. Basi kwa nini tusilifute kabisa? Kwa sababu ya jiwe la kusagia. Uso wa kichwa unapatikana kwa kusaga, na msagaji anakosea kwa nanomita kadhaa. Mabega yakiwa yameinama nyuzi 45 na msagaji akapita mwanzo wa bega kwa nanomita 10, ncha imenenepa nanomita 10 kila upande, jumla 20. Kichwa hicho ni cha kutupa. Kwa hiyo urefu wa koo haupangwi na fizikia peke yake. Muulize mtu wa kiwanda kosa lake la kawaida ni nanomita ngapi, lizidishe kwa tatu, na koo lisiwe fupi kuliko hapo.

Bega la kuinuka juu, yaani kunenepa kwa ncha kuelekea upande wa ukingo wa nyuma kadiri unavyoingia ndani, ni nyongeza nzuri ambayo wengi huisahau. Linapeleka fluksi pale pale inapohitajika.

Hatua ya 5: Weka ngao, ukijua unalipa

Ncha tupu inatoa uga mkubwa unaoporomoka taratibu. Weka ukuta wa chuma laini nyuma yake, umetenganishwa kwa mwanya mwembamba usio wa sumaku, na mambo mawili yanatokea kwa pamoja. Uga unaanguka ghafla, kwa sababu ngao inaumeza. Pia unainama kuelekea kwenye ngao, na tulishaona kuinama nyuzi 30 kunapunguza bei ya kugeuza punje karibu nusu. Unapoteza uga, unapata ukali na pembe. Hii ni biashara nzuri kuliko zote katika kubuni kichwa, na ndiyo iliyoviweka vichwa vya wima hai kwa muda mrefu kiasi hiki.

Kwa namba zetu anza na mwanya wa nanomita 30 na ushuke kwa hatua za nanomita 2 au 3. Kila hatua pima uga wenye tija, si uga wa wima peke yake. Maana yake, chukua ukubwa wa uga na pembe yake kila nukta, upitishe kwenye kanuni ya Stoner na Wohlfarth, upate namba moja inayosema punje inasukumwa kwa nguvu gani kweli. Kisha tafuta nukta ambayo namba hiyo inalingana na uga wa anisotropia wa diski, na upime mteremko papo hapo. Mteremko uliopimwa mahali pengine ni mapambo. Nimeona michoro mingi yenye mteremko wa kupendeza uliochukuliwa nanomita 10 kutoka mahali ambapo uandishi unatokea.

Mwanya ukizidi kuwa mwembamba, fluksi inavuja moja kwa moja kwenye ngao bila kushuka kwenye diski. Kinachoamua uvujaji huo ni kimo cha ngao inayotazamana na ncha. Ifanye fupi kuingia ndani, makumi ya nanomita hadi mia moja hivi, kisha ipanuke kwa nyuma ili isishibe.

Ngao za ubavuni ni ndugu wa ile ya nyuma lakini zinalinda njia za jirani. Zisogeze karibu mno na ncha inadhoofika. Ziache mbali na jirani anafutika. Mwanya wa ubavuni huwa mpana kuliko wa nyuma.

Ncha ya kurejesha, ambayo fluksi inapitia kurudi kwenye kichwa, haihitaji falsafa. Ina eneo kubwa, basi. Fluksi ya ncha kuu ni tesla 2.4 kwa nanomita za mraba 5,000. Ukiirejesha kupitia uso wa maikromita 10 kwa 1, ambao ni mpana mara 2,000, uga unashuka hadi militesla 1.2. Huo hauandiki chochote. Ila zungusha kona zake. Kona kali za ngao na ncha ya kurejesha hukusanya uga, na hufuta njia zilizo mbali kabisa na unayoandika. Tatizo hilo linachosha sana kulitafuta kwa sababu mharibifu yuko mtaa wa tatu.

Hatua ya 6: Koili, nira na saa

Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika, kwenye nusu kipenyo cha milimita 46, inapita chini ya kichwa kwa karibu mita 35 kwa sekunde. Biti ya nanomita 12.7 inapita kwa nanosekunde 0.37. Ndani ya muda huo mkondo ugeuke, nira itii, ncha itii, na uga utulie.

Kiasi cha umeme hakitishi. Kusukuma tesla 1 kuvuka nanomita 40 hadi tabaka laini kunahitaji ampea-mizunguko 0.032 tu. Koili ya mizunguko 3 yenye miliampea 50 inatoa 0.15. Tofauti yote hiyo inakwenda kwenye kuijaza nira na kulipia uvujaji wa ngao. Kwa hiyo ukitaka kuokoa mkondo, fupisha nira. Usihangaike na mwanya wa diski. Nira fupi ina indaktansi ndogo (ukaidi wa koili dhidi ya mkondo kubadilika), ina mikondo ya eddi michache (mikondo inayojizungusha ndani ya chuma), na inaamka haraka.

Mizunguko mingi inapunguza mkondo lakini inaongeza indaktansi na urefu wa nira. Mizunguko michache inaharakisha lakini inadai mkondo mkubwa, na joto la koili linapanda kwa mraba wa mkondo. Joto hilo linaitunisha ncha itokeze kuelekea diski. Umeshatenga nanomita 1.5 za hewa. Ncha ikituna nanomita 1 kila unapoandika, kichwa kitagusa. Tunisho hili liwe ndani ya bajeti ya umbali tangu hatua ya 2, na hita ilijue.

Mkondo usiwe mstatili tu. Uanze kwa ruko fupi juu ya kiwango chake cha kawaida kila unapogeuka, ili kuishtua nira. Ruko likizidi, jirani anafutika. Nyaya za kwenye mkono nazo ni sehemu ya mzunguko. Impedansi, yaani upinzani wao kwa mkondo unaobadilika, isipolingana, ruko ulilolipanga halifiki.

Hatua ya 7: Sasa fungua kompyuta

Anza na programu ya elementi finaiti, inayogawa umbo vipande vidogo na kukokotoa uga, ya vipimo viwili. FEMM ni ya bure na inatosha kwa kata ya ncha, mwanya, ngao na tabaka laini. Halafu nenda vipimo vitatu. Mwisho kabisa ndiyo maikromagnetiki, inayofuata usumaku ndani ya chuma seli kwa seli, kwa OOMMF ya NIST au MuMax3 ya Chuo Kikuu cha Ghent, zote za bure.

Kosa nililolifanya mwanzoni, na ambalo bado naliona kwa wengine: nilimpa chuma upenyezaji usiobadilika wa 1,000 nikaongeza mkondo. Modeli ikanipa tesla 5 kwenye ncha, nami nikafurahi siku nzima. Chuma hakiendi tesla 5. Weka mkunjo wa kushiba kabla ya kitu kingine, na namba yoyote ya usumaku inayozidi 2.4 ndani ya ncha iwe kengele kwako.

Kwenye maikromagnetiki ukubwa wa seli ndio mtego. Urefu wa mabadilishano, yaani umbali ambao ndani yake usumaku hubaki umeelekea pamoja, kwa aloi ya chuma na kobalti ni karibu nanomita 3. Seli za nanomita 10 zitakupa picha nzuri ya uongo: mizunguko ya usumaku kwenye koo haitaonekana, na ncha itaonekana tiifu kuliko ilivyo. Tumia nanomita 3 au pungufu kwenye koo na ngao, na uiachie sehemu ya nira programu ya elementi finaiti.

Hatua ya 8: Tazama kinachotokea mkondo ukizimwa

Ncha nyembamba na ndefu ni kama sindano: usumaku unapenda kulala kwa urefu wake. Mkondo ukizimwa, unaweza kubaki vile vile, na kichwa kikaendelea kuifuta diski huku kila mtu akidhani kimelala. Endesha mwigo wako hadi mkondo ufike sifuri, subiri nanosekunde chache, na upime uga uliobaki. Fanya hivyo mara kadhaa kwa hali tofauti za mwanzo, kwa sababu tatizo hili linakuja na kuondoka.

Dawa ni koo fupi, na ncha iliyojengwa kwa tabaka za chuma zilizotenganishwa na utando mwembamba wa rutheni au kromi, ili tabaka jirani zifunge fluksi zenyewe kwa zenyewe. Unapoteza uga kidogo kwa kila utando.

Hatua ya 9: Mpelekee mtu wa kiwanda kabla hujapenda mchoro wako

Kichwa kinajengwa juu ya kaki ya alumina na titani kabidi. Kichwa cha kusomea kinatangulia, cha kuandikia kinafuata juu yake, na kwa sababu kisomeo hakivumilii joto kali, huwezi kuoka chuma chako upendavyo. Ncha ya trapeza hupatikana kwa kuchimba mfereji kwenye alumina, kuuvika utando, kuujaza chuma na kobalti kwa umeme, kisha kusawazisha juu. Pembe ya ubavu ni pembe ya mfereji. Kaki inakatwa vipande virefu, vinasagwa vikifuatwa na vipinga vidogo vinavyobadilika thamani kadiri usagaji unavyoendelea, na mwisho vinavishwa kaboni.

Peleka jedwali lenye safu nne: upana wa ncha, urefu wa koo, mwanya wa nyuma, pembe ya ubavu. Mbele ya kila moja andika uga na mteremko vinabadilika kiasi gani kwa kosa la nanomita 1 au nyuzi 1. Mchoro unaoshinda wengine kwa asilimia 3 katikati ya lengo lakini unaporomoka kwa kosa dogo, uache.

Hatua ya 10: Mezani

Kwenye mashine ya kuzungushia, vipimo vitatu vitangulie. Andika ishara ya masafa ya chini, andika juu yake ya masafa ya juu, na pima mabaki ya ile ya kwanza. Yakiwa desibeli 30 chini au zaidi, uga unatosha. Kisha panda na mkondo hatua kwa hatua huku ukipima usafi wa ishara. Mkunjo mzuri unapanda, unatulia kwenye uwanda, halafu unashuka. Ukishuka mapema ngao zako zimeshiba. Mwisho andika njia moja mara 10,000, ukarudi kusoma njia za jirani pande zote mbili, pamoja na zile za mbali ambazo hukuzishuku. Rudia kipimo hicho kwenye mshazari wa ndani kabisa na wa nje kabisa. Kama jirani wa upande mmoja ameumia kuliko wa pili, na upande huo unabadilika ukihama kutoka ndani kwenda nje, shida ni pembe ya ubavu. Kama ni upande ule ule kote, kagua ngao za ubavuni: moja imekaa karibu kuliko mwenzake.